Simu ndiyo inayohama: jinsi Wi-Fi ya hoteli ya ghorofa inavyopangwa

Malalamiko huwa yale yale. Mgeni anaongea kwa WhatsApp akiwa mapokezi, sauti safi kabisa. Anapanda ngazi, anaingia korido ya ghorofa ya nne, sauti inaanza kukatakata kisha inapotea. Akitazama simu, alama ya Wi-Fi ipo, jina la mtandao ni lile lile, ila hakuna kinachofunguka. Anazima Wi-Fi, anaiwasha tena, na mambo yanarudi kama kawaida. Uongozi ukielezwa, wazo la kwanza ni kununua intaneti yenye kasi zaidi, na la pili ni kuongeza nguvu ya vifaa. La kwanza mara nyingi haligusi tatizo. La pili huweza kulizidisha.

Kuzima na kuwasha kulisaidia kwa sababu moja tu: simu ilikuwa bado imeng'ang'ania kifaa cha mapokezi, ghorofa kadhaa chini, huku kifaa cha ghorofa ya nne kikiwa juu ya kichwa cha mgeni. Ilipowashwa upya ilitafuta upya, ikashika kilicho karibu. Kupanga Wi-Fi ya hoteli, kwa sehemu kubwa, ni kulipanga jengo ili simu ifanye uchaguzi huo yenyewe, mapema, bila mgeni kugusa kitu.

Tuanze na vifaa. Ruta ni kifaa kinachounganisha hoteli na intaneti ya nje. Jengo zima linahitaji moja, pengine na ya akiba. Kituo cha Wi-Fi, ambacho mafundi hukiita AP, ni kile kisahani cheupe cha darini au kisanduku cha ukutani kinachogeuza data ya kwenye waya kuwa mawimbi ya redio. Hivi hoteli huweza kuwa navyo makumi au mamia. Kifaa cha nyumbani hubeba kazi zote mbili ndani ya boksi moja, ndiyo maana watu huviita vyote ruta. Vituo vyote vya hoteli hutangaza jina moja la mtandao, lakini kila kimoja kina namba yake ya utambulisho ambayo simu huisoma kimyakimya. Mgeni anaona mtandao mmoja. Simu inaona orodha ya vituo vyenye nguvu tofauti, na lazima ichague.

Kuhama, ambako kwa Kiingereza huitwa roaming, ni simu kuacha kituo kimoja na kushika kingine chenye jina lile lile bila mazungumzo kukatika. Hakuna uhusiano na ile huduma ya kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine.

Nani anaamua

Wengi hudhani mtandao ndio unaomkabidhi mgeni kutoka kituo hiki kwenda kingine, kwa sababu hivyo ndivyo minara ya simu inavyofanya: simu hutuma vipimo vyake, na mtandao huiamuru ihamie mnara gani. Wi-Fi haikujengwa hivyo. Tangu kiwango chake cha kwanza cha kiufundi, 802.11 cha taasisi ya wahandisi IEEE cha mwaka 1997, uamuzi wa kushika kituo gani na kukiacha lini umekuwa wa kifaa cha mtumiaji. Mtandao unaweza kushauri. Unaweza pia kumfukuza mteja, yaani simu iliyounganishwa, kwenye kituo fulani na kusubiri aende kwingine. Kumshika mkono na kumpeleka hauwezi.

Na kila mtengenezaji wa simu ana kanuni zake. Apple wameziandika zao wazi, kwa hiyo zinafaa kwa mfano. Lakini kwanza vipimo: nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu hupimwa kwa dBm, na kwa kuwa mawimbi hayo ni madogo mno, namba huwa hasi. Kadiri namba inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye -50 hali ni nzuri sana. -67 ndicho kiwango ambacho wapangaji wengi hukilenga kwa simu za sauti na video. Kwenye -80 unabahatisha. Kila hatua moja ya namba hizo ni desibeli moja: desibeli 3 zikipungua, nguvu inabaki nusu. Zikipungua 10, inabaki sehemu moja ya kumi.

Sasa, iPhone huanza kutafuta kituo kingine pale kile ilichoshika kinapofika -70. Ikiwa kwenye matumizi, haihami mpaka ipate kituo kinachozidi cha sasa kwa desibeli 8 au zaidi; ikiwa imetulia tu, inataka tofauti ya 12. Kompyuta za Mac husubiri hadi -75. Simu za kampuni nyingine zina mipaka tofauti, na nyingi hazitangazi ni ipi.

Piga hesabu kidogo uone inamaanisha nini kwa jengo. Mgeni mwenye iPhone anatembea akiongea. Kituo cha nyuma yake kimeshuka hadi -70. Ili simu ihame, kituo cha mbele lazima kisikike kwa -62 au zaidi pale pale aliposimama. Kikisikika kwa -66, ambayo kwa macho ya mgeni ni mawimbi mazuri tu, simu haiondoki. Inaendelea kuburuzwa na kile cha nyuma, -71, -73, na sauti inaweza kuanza kukatika kabla tofauti haijafika 8. Kwa hiyo haitoshi kusema kila kona ya hoteli ina Wi-Fi. Kinachotakiwa ni kwamba, katika kila sehemu ambayo kituo kimoja kinafifia, kingine kiwe tayari kina nguvu ya wazi kuliko hicho. Ramani ya kijani inayoonyesha jengo zima limefunikwa, ile ambayo wauzaji hupenda kuiweka mezani, haijibu swali hilo.

Kwa nini nguvu zaidi huharibu

Tukirudi kwa mgeni wetu: kituo cha mapokezi pengine kiliwekwa kwenye nguvu ya juu kabisa ili kifike mbali. Kikafika mbali kweli, hadi ghorofa ya nne kupitia uwazi wa ngazi. Simu ikakisikia kwa -69 na ikaona haina haja ya kutafuta kingine. Simu yenyewe, hata hivyo, ina betri ndogo na antena ndogo. Kituo kinaweza kurusha kwa miliwati 200 wakati simu nyingi hurusha kwa nguvu ndogo zaidi ya hiyo.

Ni sawa na kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya uwanja mwenye kipaza sauti wakati wewe huna: unamsikia kila neno, naye anaona tu midomo yako ikicheza. Simu inaonyesha mawimbi mazuri kwa sababu inasikia. Ujumbe wake haufiki, unarudiwa na kurudiwa, na mgeni anaona duara linazunguka tu kwenye kioo. Alama za Wi-Fi kwenye simu hupima upande mmoja wa mazungumzo.

Wapangaji wazoefu kwa hiyo hushusha nguvu ya vituo mpaka ikaribiane na ya simu, kisha huongeza idadi ya vituo pale panapopungua. Wi-Fi hutumia mikanda kadhaa ya mawimbi, hasa ya gigahezi (GHz) 2.4 na 5. Kwa masafa ya 2.4 GHz hushusha zaidi, kwa kawaida desibeli 6 au zaidi chini ya yale ya 5 GHz, kwa sababu mawimbi ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na simu huvutiwa nayo hata pale ambapo 5 GHz ingewahudumia watu vizuri zaidi. Vituo vingine huzimwa kabisa upande wa 2.4. Mwenye hoteli akisikia fundi anazima redio alizozinunua hukasirika, na fundi mwoga humwachia ziwake. Hapo ndipo mtandao unapoanza kuharibika.

Kuna dawa nyingine inayopendwa: kuviambia vituo vimtupe nje mteja yeyote ambaye mawimbi yake yameshuka chini ya kiwango fulani. Inasaidia kwa simu zenye ukaidi, lakini ni dawa kali. Simu iliyotupwa inaweza kurudi kituo kile kile, ikatupwa tena, ikarudi, na mgeni aliyelala kwenye chumba cha pembeni, ambaye angalau alikuwa na intaneti ya kusuasua, sasa hana kabisa. Mimi ningeitumia baada ya nguvu na nafasi za vituo kurekebishwa, si badala yake.

Korido

Hakuna kosa la hoteli lililozoeleka kama kupanga vituo kwenye korido. Linaeleweka. Dari ya korido inafunguka, nyaya zinapita humo, na fundi hamsumbui mgeni aliyelala. Lakini angalia chumba cha kawaida cha hoteli kilivyo: unaingia mlangoni, bafu liko hapo hapo pembeni, kitanda na meza viko mbele karibu na dirisha. Mawimbi kutoka korido hukutana kwanza na mlango mzito wa kuzuia moto, au na bafu lenyewe, ambalo lina vigae, mabomba, maji na kioo kikubwa chenye utando wa metali nyuma yake. Yakimaliza safari hiyo ndipo yamfikie mgeni kitandani. Mawimbi mazuri kuliko yote yako mahali ambapo hakuna mtu anayekaa.

Kuna ubaya wa pili usioonekana. Korido ni mstari ulionyooka usio na kizuizi, kwa hiyo vituo vyote vya ghorofa husikiana vizuri kuliko vinavyosikika vyumbani. Simu ikitembea humo inasikia vitano au sita vinavyokaribiana kwa nguvu, na hakuna kinachozidi kingine kwa desibeli 8. Haihami. Halafu mgeni anaingia chumbani, mlango unafungwa nyuma yake, na kituo alichokishika kinashuka ghafla kwa desibeli kumi na kitu. Simu iliyokuwa imeridhika inajikuta kwenye -78 bila onyo, katikati ya sentensi.

Suluhisho linalofanya kazi vizuri zaidi kwa jengo la vyumba vingi ni kuweka vituo vidogo ndani ya vyumba, mara nyingi vya ukutani, pale ambapo tayari kuna tundu la waya wa simu ya mezani au televisheni. Kila kimoja kinarusha kwa nguvu ndogo na kuhudumia chumba chake na jirani yake. Kuta zinazotenganisha vyumba, ambazo kwenye mpango wa korido zilikuwa adui, sasa zinasaidia: zinazuia vituo visiingiliane. Ukuta wa bodi za jipsamu hupunguza mawimbi kwa desibeli 3 au 4 hivi, kwa hiyo kituo kimoja kwa kila vyumba viwili kinaweza kutosha. Ukuta wa matofali hula zaidi. Ukuta wa zege lenye nondo huweza kula 15 hata 20, na hapo utalazimika kuweka kimoja kila chumba. Kabla ya kununua chochote, mtu apime kuta za jengo lile lile: kituo kimoja juu ya nguzo ya muda, mtu na kompyuta upande wa pili wa ukuta, mlango umefungwa. Kazi ya saa chache inayoamua kama hoteli itanunua vituo 60 au 120.

Tahadhari moja kuhusu vya ukutani: visifichwe nyuma ya televisheni. Mgongo wa televisheni mara nyingi huwa na bamba la metali, na mpambaji wa ndani hatalifikiria hilo.

Jengo lina pande tatu

Michoro ya wasanifu huonyesha ghorofa moja moja, na hapo ndipo mipango mingi hupotea, kwa sababu simu haijui ghorofa. Kwa simu, kituo kilichoko juu ya dari mita tatu kutoka hapo kinaweza kuwa karibu kuliko cha ghorofa yake mwenyewe kilichoko vyumba vinne pembeni. Zege la sakafu hupunguza mawimbi sana, lakini mahali penye matundu ya mabomba, uwazi wa ngazi au ukumbi wa juu hadi chini, ghorofa tano huweza kuwa chumba kimoja kwa macho ya redio.

Si kosa simu kushika kituo cha ghorofa ya juu, mradi kiwe kizuri. Kosa ni kutokulipanga hilo. Wapangaji wengi hukwepa kuweka kituo juu ya kituo: kama ghorofa ya pili vipo vyumba vya namba shufwa, ya tatu huviweka vyumba vya namba witiri. Kwa njia hiyo pengo la ghorofa moja linazibwa kwa sehemu na kituo cha juu au cha chini yake, na vituo viwili vinavyotumia chaneli moja vinakuwa mbali kwa pande zote tatu.

Chaneli ni kipande cha masafa ambacho kituo hukitumia, na sheria yake ya msingi ni kali: kwenye chaneli moja, anayerusha kwa wakati mmoja ni mmoja tu. Kabla ya kurusha, kila kifaa husikiliza. Kikisikia mwingine, kinasubiri zamu. Vituo viwili vinavyosikiana kwenye chaneli moja havizidishi uwezo. Vinagawana ule ule, pamoja na simu zote zilizo chini yao. Hii ndiyo sababu kuongeza vituo bila mpango wa chaneli huweza kuufanya mtandao uwe wa polepole kuliko mwanzo.

Katika 2.4 GHz chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Tatu, kwa jengo lenye ghorofa nane. Ongeza vifaa vya Bluetooth, tanuri za maikrowevu jikoni, na wageni waliowasha hotspoti za simu zao. Masafa hayo yabaki kwa vifaa vya zamani na mambo yasiyo na haraka. Katika 5 GHz nchi nyingi huruhusu chaneli zinazokaribia au kuzidi 20 zenye upana wa megahezi 20, na huko ndiko hoteli inakotakiwa kuishi. Masafa ya 6 GHz, yaliyofunguliwa kwa Wi-Fi nchini Marekani mwaka 2020 na Umoja wa Ulaya mwaka 2021, yana nafasi kubwa zaidi, lakini yanasaidia simu mpya tu na hupenya kuta kwa shida zaidi.

Kisha kuna kishawishi cha chaneli pana. Tangazo la kituo likisema kinafika gigabiti kadhaa kwa sekunde, kasi hiyo hutokana na kuunganisha chaneli nne au nane kuwa moja. Zile 20 zinageuka tano, au mbili. Nyumba ya pekee shambani itafurahia. Hoteli itajikaba koo. Megahezi 20, au 40 pale kuta zinapotenganisha vizuri, ndiyo mipangilio ya kiungwana. Mgeni anayepiga simu ya video anahitaji megabiti chache tu kwa sekunde, ila azipate kila sekunde.

Baadhi ya chaneli za 5 GHz hutumiwa pia na rada. Kituo kinachotaka kuzitumia lazima kisikilize kwanza, kwa kawaida sekunde 60, na kikihisi rada lazima kiondoke mara moja na kuwaacha wateja wake wakitafuta pa kwenda. Hoteli iliyo karibu na bandari au uwanja wa ndege ipime hali hiyo kwanza.

Na hotspoti za wageni? Vituo vingi vya kibiashara vina uwezo wa kutuma ujumbe wa kuzikata. Usitumike. Nchini Marekani, mwaka 2014, kampuni ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 baada ya tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, kuchunguza jinsi hoteli yake moja yenye kumbi za mikutano huko Nashville ilivyokuwa ikikata hotspoti za wateja. Mawimbi ni ya wote.

Dakika ile ya kuvuka

Tuseme sasa vituo viko mahali pake, nguvu na chaneli zimepangwa. Simu imeona -70 na imeamua kutafuta. Inatafutaje? Inaacha kwa muda mfupi chaneli iliyopo, inaruka kwenye nyingine, inasikiliza, inaruka tena. Kila kituo hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, kwa hiyo kwenye chaneli za rada, ambako simu hairuhusiwi kuita kabla ya kusikia, inabidi ikae karibu sehemu ya kumi ya sekunde kwa kila chaneli. Chaneli 15 za aina hiyo ni sekunde moja na nusu. Mtu anayetembea amekwisha pita mlango.

Ndiyo maana kuna nyongeza tatu kwenye kiwango cha 802.11, zinazojulikana kwa herufi zake: k, v na r. Ya k huipa simu orodha ya vituo jirani na chaneli zao, ili isipekue kote. Ya v huuwezesha mtandao kuishauri simu kuwa kituo fulani kingeifaa zaidi. Simu inaweza kukubali au kupuuza. Ya r, iliyotoka mwaka 2008, inahusu funguo za usalama: badala ya simu kujitambulisha upya kabisa kwenye kila kituo, jambo ambalo kwa mitandao inayothibitisha kila mtumiaji kupitia seva huweza kuchukua mamia ya milisekunde, funguo huandaliwa mapema na kuvuka kunachukua makumi tu.

Watu huzitaja k, v na r kama dawa ya kila kitu. Ukweli ni kwamba r haina kazi kwenye mtandao wa wageni ulio wazi, usio na neno la siri, kwa sababu hakuna ufunguo wa kuandaa. Na baadhi ya vifaa vya zamani hushindwa kuunganika kabisa pale r inapowashwa. Kwa hoteli, k na v ziwashwe bila wasiwasi mkubwa. R iwekwe kwenye mtandao wa wafanyakazi, wale wanaotembea siku nzima na simu za kazi, ambako unajua ni vifaa gani vinatumika.

Kosa la kila ghorofa na ruta yake

Hili lingeweza kuja mwanzo, kwa jinsi lilivyo la kawaida. Hoteli inakua polepole. Kila ghorofa inawekewa ruta ya nyumbani, zote zinapewa jina moja na neno la siri moja, na mwenye hoteli anaambiwa sasa ana mtandao mmoja. Simu inadanganyika pia: inahama vizuri tu. Lakini kila ruta inagawa anwani zake za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni ili data ikifikie. Simu iliyofika ghorofa ya tano ikiwa na anwani ya ghorofa ya nne ni mgeni asiyejulikana, na hata ikipewa mpya, kila kilichokuwa wazi kinakatika: simu ya sauti, kikao cha video, muunganisho wa ofisini. Jina moja halitoshi. Anwani lazima zitoke mahali pamoja, na vituo vyote vibaki vituo tu.

Anwani zenyewe zihesabiwe. Mpangilio wa kawaida wa nyumbani hutoa anwani 254. Hoteli ya vyumba 150 yenye wageni wawili kila chumba, kila mmoja na simu na kompyuta, ina vifaa 600 kabla hujahesabu saa na tabuleti. Tena simu za siku hizi hujibadilishia namba ya utambulisho ili zisifuatiliwe, kwa hiyo simu moja huweza kushika anwani zaidi ya moja ndani ya wiki. Anwani zikiisha, mgeni mpya anaona mawimbi kamili na hapati chochote, na fundi asiyejua anaenda kuongeza kituo kingine. Nafasi ya anwani 2,000 na muda mfupi wa kuzishikilia humaliza tatizo hilo.

Kuhusu ripita, vile vifaa vya kudaka mawimbi na kuyarusha tena: kinapokea na kurusha kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila ujumbe unachukua zamu mbili na uwezo unabaki nusu. Vifaa vya meshi, yaani vituo vinavyoweza kuunganishwa vyenyewe kwa vyenyewe kwa mawimbi, vina akili zaidi, lakini navyo vikiunganishwa kwa mawimbi kupitia sakafu za zege vinapoteza kile kile unachojaribu kukipata. Kila kituo kipate waya wake. Waya huo huo hubeba umeme. Urefu wake usizidi mita 100 kutoka kwenye swichi, kifaa kinachokusanya nyaya za vituo. Na swichi iwe na umeme wa kutosha vituo vyote, kwa sababu baadhi ya vituo vikipewa umeme pungufu havizimi, vinapunguza redio kimyakimya, na utatafuta kosa kwa wiki.

Lifti na mlango wa ngazi

Lifti ni boksi la chuma ndani ya shimo la zege. Unaweza kuweka kituo ndani yake kwa waya unaosafiri nayo, au antena ndani ya shimo, na zote mbili ni kazi inayohitaji kibali cha wahusika wa lifti. Mimi nisingemwahidi mgeni simu ya Wi-Fi ndani ya lifti. Ningeweka kituo chenye nguvu ya wazi mbele ya milango ya lifti kila ghorofa, ili simu ikitoka gizani ikutane na chaguo moja lisilo na ubishi.

Ngazi zinasahaulika zaidi. Mlango wa kuzuia moto kati ya korido na ngazi hukata mawimbi kwa hatua moja, na simu haipewi ile nafasi ya kushuka taratibu inayohitaji ili itafute. Kituo kimoja ndani ya ngazi kila ghorofa mbili au tatu husaidia, kwa nguvu ndogo sana, la sivyo kitageuka kile kituo kinachosikika kila mahali.

Kupima kufanyike watu wakiwemo. Miili ya watu hunyonya mawimbi, na hoteli tupu hudanganya. Mtu achukue simu mbili za aina tofauti, apige simu ya video, atembee kutoka mapokezi hadi chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu kwa ngazi, afunge mlango, aingie bafuni, arudi. Programu ya kuonyesha namba ya kituo kilichoshikwa imwambie simu ilihama wapi na ilikuwa na dBm ngapi ilipohama. Baadaye, mfumo wa kusimamia vituo uangaliwe kwa wiki moja: ni wateja gani wanakaa muda mrefu kwenye -75 na chini, na wameshika kituo kipi? Mara nyingi vituo viwili vitatu ndivyo vinavyoshika watu wa mbali. Vipunguzwe desibeli 3, vyote vingine viachwe kama vilivyo, na vipimo virudiwe kabla ya kugusa kitu kingine.